Nukta

Saa nne usiku, Wete, ofisi ya ghala la chama.
Feni inazungusha harufu ya karafuu
ambayo haitoki nguoni hata ufue mara tatu.
Tumebaki mie na Shaame, na chupa ya chai,
na badiliko moja: makato ya unyevu,
kutoka asilimia tatu hadi mbili na nusu.

Nusu. Mtu atacheka.
Kwenye skrini ni kisanduku
kisichotosha hata jina la mtoto.

Upande huu ni wa majaribio.
Humu karafuu hainyeshewi.
Humu anaishi Bwana Jaribu bin Jaribu,
mwenye tani mia nne na hana mkarafuu hata mmoja.
Tunamlipa kila usiku, wala haji kuchukua.
Shaame humsalimia.

Mie simtumii huyo.
Mie naandika: Mkasi Hamad, Kiuyu,
gunia moja, kilo thelathini na nane.

Mwaka juzi, siku ya mwanzo ya msimu,
foleni imeshafika barabarani, mkubwa yuko kwenye simu,
na mie nina vyeti vipya ukutani,
nilibonyeza Chapisha bila ya kujaribu.
Nukta ilikuwa imesogea nafasi moja,
kama mtu anayekupisha kwenye baraza.
Tatu ikawa thelathini.

(Chuoni nilifundishwa nina miaka sita:
be nukta moja chini, te mbili juu,
ukikosea nukta umesoma neno jingine.)

Bi Mkasi aliisoma stakabadhi,
akaifunga kwenye pindo la kanga,
akasema, "Ahsante mwanangu, ndiyo mwaka wenyewe huu,"
akaenda zake.

Hakugomba. Hilo ndilo.
Angegomba, ningelijua kosa saa ileile.
Nililijua Ijumaa, hesabu zilipokataa kukaa.
Tukampelekea zake zilizobaki. Alizihesabu taratibu,
kisha akaniuliza:
"Kumbe ile haikuwa bei? Mie nishauza mbuzi."

Basi kitanda hiki nakilalia kwanza mwenyewe,
niwajue kunguni wake mmoja mmoja.
Gunia lenye unyevu sifuri. Gunia lenye unyevu mia.
Gunia lisilo na mwenyewe.
Makonyo yaliyoandikwa karafuu.
Mizani ya Konde, mtandao umekatika katikati ya namba.
Shaame anasoma, mie naangalia;
chai inapoa, tunabadilishana.

Saa saba na robo.
Namlipa Bi Mkasi mara ya kumi na moja,
na mara zote kumi na moja ni sawa mpaka senti,
na hata senti moja haitofika Kiuyu.

"Tuchapishe?"
Naitafuta nukta kwa ncha ya kalamu, juu ya kioo.
Ipo.
Bismillahi.

Hakuna linalotokea. Skrini inasema Imekamilika
kwa herufi zilezile za mwaka juzi.

Saa moja na dakika nne asubuhi
inaingia stakabadhi ya mwanzo kutoka Konde:
mtu nisiyemjua, kilo ishirini na moja.
Navuta karatasi.
Nazidisha kwa mkono.