Nusu Saa ya Mteja

Nafasi ni tatu tu mbele ya duka la Bi Subilaga.
Nilizichora mwenyewe kwa rangi iliyobaki kwenye kopo;
mstari wa kati umepinda
kwa sababu siku ile niliitwa mara mbili kupakia bati.
Ukutani kuna kibao: WATEJA TU. NUSU SAA.
Herufi za S zote zimetazama nyuma.
Mchoraji alilipwa nusu, akasema na hizo zinatosha.

Kazi yangu ni chaki.
Gari likiingia natazama saa,
nainama, napiga alama kwenye tairi la nyuma,
ndogo, kama vema ya mwalimu kwenye daftari.
Nusu saa ikitimia naja na maneno matatu:
Mzee, muda umekwisha.
Wengine hunijibu kwamba na wangu umekwisha.
Mchungaji mmoja aliniombea
akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa,
dakika arobaini.

Lakini hapa ni Tukuyu.
Hapa mvua haiji, mvua inaishi,
sisi ndio wapangaji.
Inashuka kutoka Rungwe bila hodi,
inapita tairi kwa tairi,
inafuta.
Gari la tangu asubuhi linakuwa limeingia sasa hivi.
Nikamwambia bosi: mama, shahidi wangu anayeyuka.
Akaninunulia chaki ya bluu.
Mvua haikuona tofauti.

Machi ile ikaja pikapu ya kijani,
mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani.
Mwenyewe Ambokile, wa huko Lwangwa.
Akateremka na chupa ya chai, akavuka barabara,
akapotelea upande wa hospitali.

Nusu saa. Nikamngoja na maneno yangu.
Akarudi anatweta, akanipita,
akaingia dukani, akatoka na msumari mmoja.
Inchi nne. Akaniinulia kama tiketi.
"Mimi mteja."
Nikatazama kibao. Kibao hakikubisha.
Nikafuta alama kwa kiganja, nikapiga nyingine.

Siku tisa.
Kila nusu saa, msumari.
Tumpe wa kaunta akaacha kumwandikia risiti.
Bi Subilaga akaniita: "Gwamaka, hili duka au kanisa,
mtu anaingia kila kengele ikilia?"
Nikamwambia kibao ni chako, mama, na mtu ananunua.
Sikumwambia kwamba siku nyingine alichelewa
nikaiachia mvua ifanye kazi yake;
na kwamba mara mbili, jua likiwaka,
nilitumia maji yangu ya kunywa.

Siku ya kumi nafasi ya kati ikabaki tupu.
Ikaja Noah, nikaizuia.
Nimeambiwa imewekwa, nikasema.
Na nani?
Imewekwa.

Alikuja saa tisa, kwa miguu,
ameshika leso iliyofungwa fundo.
"Mgonjwa katoka," akasema.
Sikuuliza kwa mlango upi.
Akafungua leso kwenye kaunta:
misumari mia moja arobaini na moja,
mingine imeanza kutu kwa jasho la mfukoni.
Akauliza kama inarudishwa.
Tumpe akanitazama. Nami nikatazama nje.
Bidhaa ikishauzwa hairudi, imeandikwa pale juu ya mizani,
kwa mkono wa mchoraji yuleyule.
"Basi inchi nne zinafaa kitu gani?"
Nikamtajia: kitanda. Mlango. Banda la ng'ombe.
Nikaishia hapo.
Akafunga fundo lake taratibu,
akanishika mkono, wake wa baridi,
akaondoka kwa njia ya sokoni, hakuvuka barabara.

Noah ilikuwa bado inaunguruma ng'ambo.
Dereva akashusha kioo:
"Sasa ipo wazi?"

Nikatazama saa.
Nikamwambia asubiri,
zimebaki dakika kumi na nne.