Alama Nyingine

Ilikuwa darini, Masoko, juu ya mahindi ya mbegu,
imefungwa kwa kipande cha kaniki
kilichokwisha kuwa moshi kuliko nguo.
Bibi Tupokigwe alikuwa akiigongea karanga.
Alisema: ichukue, lakini kaniki nirudishie.

Nikaipeleka Tukuyu, kwa Fundi Asukenye
atengenezaye mizani na kufuli nyuma ya soko la ndizi.
Mvua ilikuwa ile ya kwetu, isiyojua kuaga.
Hakushangaa. Aliifuta kwa mafuta ya taa,
akasaga chaki kiganjani,
akaipaka juu ya kutu, akapuliza.
Herufi zikaota kama meno ya mtoto.

"Isome kama ng'ombe wa wizi," aliniambia.
"Chapa ya mwisho ndiyo kubwa.
Ya kwanza ndiyo kweli."

Mgongoni mwa mpini: tano, nukta, K, nukta, ishirini na saba.
Kombania ya tano, bastola ya ishirini na saba.
Mjerumani, alisema, hakuacha hata kijiko bila namba.
Chini yake, imefutwa kwa pigo moja la patasi,
chapa nyingine, ya kikosi cha mizinga
cha mji fulani wa theluji:
ilikuwa imezeeka kabla haijapanda meli.
Hata silaha ya kutuulia
walituletea mtumba.

Ubavuni, mshale mdogo, unyayo wa kuku:
Mwingereza. Aliikuta, akaitia alama,
akaisahau, au akaibiwa.
Fundi akacheka hadi akakohoa.
Serikali mbili zimechora chuma kimoja
kama watoto watoro wanavyochora dawati.

Kisha akageuza upande wa mti.
Mikato mitatu mirefu, ya kisu kibutu,
na wa nne, mdogo, umejitenga
kama mgeni asiyekaribishwa.
Hapo chaki haikusaidia kitu.
"Watu," alisema, sauti imeshuka.
"Askari huhesabu hivyo."

Usiku ule nililala na hao watatu na nusu.

Asubuhi nikarudisha kaniki.
Bibi alikuwa akichambua maharage, hakuinua uso.
"Askari gani huyo mwenye kisu kibutu?"
Aliyekata ni baba yake.
Alikuwa na kaka watatu, walikamatwa pamoja naye
kubeba masanduku ya risasi kuelekea Ruvuma.
Alirudi peke yake, na hii kiunoni, tupu.
Aliitoa wapi, hakusema,
na aliyeuliza hakuuliza mara mbili.

Kajuni.
Nsyani.
Kabungo.
Aliyataja kama ahesabuvyo vifaranga jioni,
mkono mlangoni, akimngoja wa mwisho aingie.

"Na huu wa nne, Bibi?"
"Huo ni chumvi. Mama alikopa kwa Mwansasu.
Nyumba haikuwa na karatasi."
"Ililipwa?"
Akatupa haragwe bovu.
"Mwansasu alitangulia kufa."

Kituoni wana fomu ya kusalimisha silaha.
Koplo alikuwa mpole, ana mafua.
Aina. Namba. Ilikotengenezwa.
Nikajaza bila kusita, 5.K.27,
kalamu ikiteleza kama iliyozoea.
Najua bastola hii ilipewa nani idhini ya kuibeba,
najua nani aliipokonya,
najua hata fundi wa patasi alikuwa na haraka.
Waliozibeba risasi zake kichwani
hawakupigwa chapa, ya nyundo wala ya wino.

Mstari wa mwisho: Alama nyingine (kama zipo).
Nafasi ya vidole viwili.
"Andika hakuna," Koplo alisema, akipenga kamasi.

Nikaandika Kajuni. Wino ukagonga ukingo.
Nikaigeuza karatasi, nikapanda na pambizo, Nsyani,
nikapita juu ya mhuri, Kabungo,
na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo,
kwa sababu hesabu ni hesabu:
chumvi, ya Mwansasu, bado.