Msoma Mita

Tsiala hapendi barabara kuu.
"Huo ni uso uliopakwa poda," anasema.
"Mji huujui mpaka uuone kisogo."
Miaka thelathini na mmoja alisoma mita za gesi
katika vichochoro hivi vya Tbilisi,
na mguu wake bado unakijua kila kizingiti kilicholegea.

Ni Aprili. Theluji imeondoka mlimani
kama mgeni asiyeaga,
na mifereji yote inamsengenya.

Anasukuma mlango ambao mimi, mzaliwa wa hapa,
nimeupita mara elfu nikidhani umekufa.
Ndani ni giza, harufu ya paka na chokaa mbichi.
Inua macho:
dari nzima ni mbingu ya rangi,
korongo sita wanairukia taa iliyokatwa waya.
Wa saba ameliwa na ukungu,
imebaki miguu, inaning'inia.
"Nilipoanza kazi," anasema Tsiala, "alikuwa na kichwa."

Tunatoka. Tunaingia. Uchochoro
mwembamba hata mabega yanabisha hodi.
Kisha ua, na mzabibu mkongwe, shina nene kama paja,
umepanda ghorofa tatu bila kugusa ngazi;
vijicho vyake vya kijani ndiyo kwanza vinafumbuka.
Juu yetu nguo zinavuka kwa kamba na gurudumu:
shuka, shuka, soksi moja,
gauni la mtoto.
Mtu tusiyemwona anavuta, gurudumu linalia kwii,
gauni linapiga hatua moja hewani, linasita.

Usawa wa viatu vyetu kuna dirisha linalopumua.
Zauri ameinamia tanuri hadi kiunoni
kama aliyedondosha pete kisimani,
anaibuka na mkate wenye ncha mbili.
Mtembezi hula miguu yake, walisema.
Sisi tunakula mkate, moto, bila chumvi ya ziada,
tukipuliza vidole.

Jengo la ghorofa tisa. Lifti yake hula sarafu.
Tsiala anayo moja, ameitoboa, ameifunga uzi:
anaitumbukiza, lifti inaguna, inakubali,
naye anaivuta taratibu kama mvuvi wa dagaa.
"Kwa gesi nilikuwa mwaminifu," anasema.
"Karibu."

Paani, kati ya antena na matandiko ya njiwa,
ndipo ninapoona.
Kuta zile kali, mageti yale yenye kutu,
kila moja limekumbatia mti wa plamu,
na yote imechanua leo, bila kupatana,
vidonge vyeupe vya moshi usiopaa.
Miaka arobaini na tatu naishi chini yake
nikiinua kola, nikitazama matope.

Tunashuka kwa ngazi; sarafu imechoka.

Nyumba ya mwisho haina dari ya kuonyesha.
Ukuta, bomba, mita yenye kioo kilichopasuka.
"Hapa aliishi Lamara, alifundisha piano.
Majira ya baridi alicheza na glovu
zilizokatwa ncha za vidole.
Pensheni yake ingenunua kiberiti, si gesi."
Tsiala anafuta kioo kwa mkono wa koti.
"Unajua nane, ukiiandika upande wa kulia tu,
inakuwa tatu?
Wino wangu kila Januari ulikuwa hafifu,
upande wa kushoto."

Mlango unafunguka. Kijana, taulo shingoni:
"Mnamtafuta nani?"
"Hakuna," anajibu Tsiala. "Tunasoma."
Anaikaribia mita, midomo inacheza:
sufuri, mbili, nane, nane, moja.
Kijana anatutazama, anatazama mita,
halafu, kwa kuwa hajui la kufanya, anauliza kama tutakunywa chai.
Nyuma yake, kupitia jiko, kuna dirisha,
na dirisha lote limejaa maua.