Nukta Pambizoni

Leteni chupa ya maji
nisimulie, wenyeji:
mimi si mshindanaji
wa kutajwa redioni.

Kazi yangu ni bohari,
magunia ya sukari,
kalamu yangu tayari,
naandika Shimanzini.

Tumbo lilipojikuza,
mkanda ukanikaza,
mke wangu akawaza
kunitoa barazani.

Akaleta Jumapili
mtumba baisikeli,
breki moja, gia mbili,
na kutu mnyororoni.

Chama chetu cha mtaa
hushindana kwa masaa
sita, bila ya kukaa,
Nguu Tatu mlimani.

Kanuni yake nyepesi:
uzunguke hadi basi,
na hesabu ya halisi
hufanywa daftarini.

Mwandishi, Bi Mejumaa,
saa yake ya kung'aa,
kitini anapokaa
hasogei asilani.

Saa kumi na mbili tu
tumepangana ja chatu,
wengine wana viatu
vya kunasa pedalini.

Mimi, na raba za mwana
zenye kunibana sana,
na kofia ya ujana
ya timu ya bandarini.

Firimbi! Vumbi likaja,
watu sitini pamoja;
mbuzi wakakosa hoja
wakaruka vichakani.

Kwanza ni mchanga mwingi,
kisha mawe ya msingi
ya chimbo lenye vigingi,
meno ya papa shimoni.

Bondeni matope tele,
yarukia hadi nywele;
breki yangu ni kelele,
haina nguvu mwilini.

Kileleni, kwa kitambo,
huona mji, majumbo,
na moshi, kama mgambo,
wa saruji Bamburini.

Wa kwanza, nacheka cheka;
wa pili, nimekauka;
wa tatu, paja lawaka;
wa nne, sijui lini.

Randu akanipitia
mara tatu; akalia,
“Kushoto, babu!” Na njia
nikampa bila kani.

Babu? Mimi sijafika
hamsini! Nikacheka;
pumzi ikakatika,
cheko likafa kooni.

Wa tano nikiupanda
mnyororo ukapinda,
ukakatika ja kanda,
ukalala mchangani.

Akasimama Umazi,
naye yumo kwenye ngazi
ya tuzo. “Vuta pumzi,
baba, kaa kivulini.”

Nikamwambia, “Enenda,
wenzako wanakushinda.”
Akasema, “Sijaganda,
nitawapata njiani.”

Kwa jiwe na msumari
akagonga kwa hadhari;
dakika nane, kwaheri!
Kutu tupu vidoleni.

Akaenda. Sikujua
nafasi aliitua
pale chini, kwenye jua,
na kutu ya mikononi.

Wa sita nikamaliza,
jua limeniunguza.
“Basi, baba, umeweza!”
wakasema kibandani.

Saa tano na dakika
ishirini zimeruka;
saa sita ikifika
huandikwi kitabuni.

Mguu, kwa ukaidi,
ukapanda, ukarudi,
nami nyuma, sina budi,
nikarejea vumbini.

Sikuiona tairi
ya mtu; bali athari:
mchangani, mistari
ya watu wote sitini.

Nikasukuma kwa goti
penye mawe; nikaketi
mara moja; na wakati
haukuketi, mwandani.

Nafika: hapana hema,
viti vimeshaegema,
Randu na kombe, asema
na mama yake simuni.

Bali meza bado ipo,
Bi Mejumaa yu papo,
tangu asubuhi yupo,
kalamu i kidoleni.

Akaitazama saa.
“Zapita tatu,” kakaa
kimya, nami nimejaa
vumbi mpaka kopeni.

Saba hakuiandika,
sheria ndiyo mipaka;
ila nukta kaweka,
ndogo, pale pambizoni.

Juu kidogo: Umazi,
wa nne; mwisho wa ngazi
ya tuzo ni tatu. Wazi
ni dakika zangu, deni.

Nimenunua spana
na pini kumi mwanana.
Si zangu: nitapoona
mtu ameketi chini

nitashuka. Na nukta
ile, tone la mafuta,
kila siku naikuta
pambizoni Shimanzini.