Matundu Arobaini na Nane

Kampuni ilipohama Ruwi tuliambiwa: chukueni mnachotaka
kabla ya Alkhamisi, kitakachobaki kinapakiwa na vyuma chakavu.
Watu waliwahi viti vya kuzunguka.
Bi Samiha akaondoka na birika la kahawa na mmea wake wa plastiki.
Mimi nikakumbatia swichi ya mtandao,
pana kama sinia ya pilau, nzito kama deni,
matundu arobaini na nane mbele, vumbi la miaka tisa nyuma.
Mlinzi akaandika daftarini: Chuma kimoja.

Nyumbani Mabela, nilipoiwasha,
feni zikalia hata paka akakimbilia juu ya kabati.
Mama akatoka na kanga yake ya kusalia:
"Ruqaya, umetuletea ndege? Basi waambie abiria wafunge mikanda."
Nikamwambia, hii ni ya kampuni, ina nguvu.
"Kampuni ipi, hiyo iliyokufukuzeni?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bisibisi.
Nikaifungua juu ya gazeti la juzi,
nikang'oa feni mbili zenye hasira,
nikatia moja ya upole, riali mbili na nusu,
duka la nyuma ya msikiti.
Sasa inapumua
kama mtu aliyelala chali mchana wa Ijumaa.

Neno la siri alilijua Shaji peke yake,
na Shaji yuko kwao Kerala tangu mwaka juzi,
viza yake ilikwisha kabla ya yetu sote kujua tunakwisha.
Nikachomoa pini ya mtandio,
nikabonyeza kile kitundu kidogo, nikahesabu hadi kumi na tano.
Taa zikazima zote. Zikawaka zote.
Imesahau ghorofa ya tatu,
imesahau mashine ya kuchapa iliyokwama kila Jumapili asubuhi,
imesahau nani alikuwa bosi wa nani.
Sekunde kumi na tano.
Mimi mwezi wa nne huu.

Ila lebo hazikufutika.
Juu ya kila tundu, kwa mkono wa Shaji,
herufi ndogo zilizonyooka:
Mapokezi. Hesabu 1. Hesabu 2. Mkurugenzi.
Chumba cha Sala, nacho
sijui kilihitaji intaneti ya nini, hakuna aliyeuliza.

Nyaya nimezikata na kuzibana mwenyewe.
Alinifundisha rangi zake siku umeme ulipokatika,
tumekaa sakafuni na tochi ya simu:
nyeupe-chungwa, chungwa,
nyeupe-kijani, buluu,
nyeupe-buluu, kijani,
nyeupe-kahawia, kahawia.
Ukikosea moja, alisema, waya mzima bubu.
Nilikosea tatu. Akazikata, akanirudishia bila neno.

Basi sasa Mkurugenzi ni televisheni ya mama.
Mapokezi ni chumba cha kaka yangu, asiyempokea mtu.
Hesabu 2, tundu langu la miaka tisa,
ni Muhannad, mtoto wa kaka, anacheza mpira wa kompyuta
na kumtukana kipa kwa Kiarabu.
Matundu matatu yana taa, mengine giza,
kama jengo la ofisi usiku
wamebaki wafagizi tu.

Januari ikaingia na baridi yake ya kujidai.
Unga wa mkate wa ufuta ukakataa kuumuka,
umelala bakulini kama umesusa.
Mama akapita na bakuli akitafuta pa kuliweka,
jikoni, dirishani, karibu na pasi,
mwisho akaweka kiganja juu ya swichi.
"Hiki chuma chako kina joto."
Akaliweka pale, akalifunika kitambaa.

Baada ya saa nzima kitambaa kimetuna,
na chini yake vitaa vya kijani vinapepesa.
"Kumbe ina kazi," mama akasema,
akaenda kutafuta ufuta.

Tundu la thelathini na moja limeandikwa Shaji.
Sijachomeka kitu.
Si heshima, waya umeniishia.