Matundu ya Mkanda

Mwaka wa kwanza, Makorora, kwa shangazi:
ukichelewa baada ya isha, sufuria imeoshwa.
Chuoni kwa miguu, kurudi kwa miguu.
Tundu la tatu.

Wa pili nikapata geto, Barabara ya Nane,
dirisha juu ya karai la Semkiwa.
Harufu ya mafuta hupanda bila hodi.
“Chipsi mayai, msomi?”
Ningekataaje, nami jiko langu ni birika?
Tundu la kwanza. Kisha msumari wa moto,
nikatoboa jingine, karibu na ncha.

Sasa naishi na Shekalaghe wa Lushoto,
hununua mchicha kama anayelipa deni.
Tunakula sakafuni, sinia moja;
mwenye pupa huangaliwa.

Jana nimekosea tundu,
suruali ikanishuka mlangoni.

Shangazi kwenye simu:
“Umekonda. Nani anakunyima?”