Usiku wa Giza au wa Mbalamwezi

Tulikuwa watano kwenye benchi la ghorofa ya nne,
Barabara ya Kenyatta, saa mbili na robo asubuhi,
na chupa tano za maji ambazo hakuna aliyethubutu kuzifungua
kwa kuwa hatukujua kama nazo ni sehemu ya usaili.

Rweyongeza alikuwa ameshuka alfajiri kwenye meli ya Bukoba,
suti imekunjika mgongoni kama ramani.
Magesa, kompyuta yake haikuwa na kitufe cha A,
na Kiswahili bila A ni nini?
Hata jina lake lilikuwa likitoka na mapengo.
Wa nne hakusema neno, simkumbuki hata sura.
Viatu vyangu vilikuwa vya shemeji, namba moja zaidi,
nimevishindilia gazeti: kila hatua
ilinong'ona habari za juzi.
Na Minza wa Kirumba, mwisho wa benchi,
akinukia sabuni, na chini ya sabuni, dagaa.

Mle ndani watu watatu, na wa nne kwenye skrini,
yuko Dar, ndivyo tulivyoambiwa;
mtandao ukamgandisha mdomo wazi
nami nikamjibu hivyo hivyo,
kama mtu anayezungumza na picha ya marehemu.

Jieleze. Nikajieleza, nikajipungukia.
Udhaifu wako? Nikachukua sifa, nikaivika matambara.
Miaka mitano ijayo unajiona wapi?
Nilijiona nikilipa kodi ya chumba Mabatini kabla mwenye nyumba hajagonga.
Nikasema: kwenye uongozi.

Kisha wakatuita wote mbele ya ubao mweupe.
"Kwa usiku mmoja, dagaa wangapi hushushwa mwaloni Kirumba?
Hatutaki jibu. Tunataka kuona mnavyofikiri."

Nikawahi kalamu.
Mitumbwi mia tatu, kila mtumbwi ndoo arobaini,
kila ndoo dagaa elfu kumi:
milioni mia moja na ishirini.
Wakaitikia kwa vichwa.
Sijawahi kuhesabu hata dagaa wa kwenye sahani yangu.

Minza hakugusa kalamu. Akauliza,
"Usiku wa giza, au wa mbalamwezi?"

Wa kwenye skrini akaganda,
na safari hii sijui kama ulikuwa mtandao.
"Kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi,
dagaa hawaifuati. Watu wanashona nyavu,
mama anakopa unga. Usiku huo jibu ni sifuri, au jirani yake.
Ila mwezi ukianza kuchelewa kutoka..."
"Muda umekwisha," akasema wa katikati.
Saa ya ukutani ilikuwa bado na dakika nne.

Mimi nilipigiwa simu.
Rweyongeza waliandikiwa kwamba wamevutiwa mno na wasifu wake,
neno *lakini* likimfuata nyuma kama mdai.
Magesa hajabadilisha namba mpaka leo; waliahidi watampigia.
Minza sijui.
Nilipita mwaloni mara moja, kitambulisho cha kazi shingoni,
nikakitumbukiza ndani ya shati.
Sikumwona. Na sikuuliza.

Sasa nakaa upande wa pili wa meza
na viatu vinanitosha.
Programu tuliyowauzia wachuuzi, ile ya kubashiri bei ya dagaa,
hukosea siku kadhaa kila mwezi,
siku zilezile, na wahandisi wanakesha wakitafuta kosa
huku dirishani kumeng'aa hadi unaona mawe ya Capri Point moja moja.
Mimi nalijua kosa.
Nikilitaja, wataniuliza nimelijua tangu lini.

Kwa hiyo nauliza swali lilelile, kila usaili.
Wanawahi kalamu. Milioni themanini.
Milioni mia mbili na kitu.
Naitikia kwa kichwa, nangoja mmoja autaje mwezi.

Jana binti mmoja, kabla hatujamuuliza chochote,
alifungua chupa ya maji
akanywa yote, mbele yetu, bila haraka,
akafuta mdomo kwa kiganja.

Nikatafuta kwenye fomu pa kumwandikia alama.
Hapakuwapo.